Bi Kafuri na Amana ya Maiti

Alizaliwa katika nyumba ya kuoshea maiti, asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Rajabu mwaka 1346 wa Hijria, wala hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mama yake alikuwa amepeleka ndoo ya maji kumsaidia mama mkwe wake, aliyekuwa mwosha wa wanawake wa mji ule, na uchungu ukamshika mlangoni. Hapakuwa na pa kumlaza ila kile kitanda cha mawe cha kazi, chenye mfereji pembeni wa kupitishia maji. Hapo ndipo alipozaliwa marehemu Bi Kafuri, Mungu amrehemu, na maji yake ya kwanza yalikuwa yale yaliyokwisha tiwa majani ya mkunazi kwa ajili ya maiti aliyekuwa njiani kuletwa. Wanawake waliokuwapo walisimulia kwamba mtoto hakulia. Alinyamaza, akageuza uso kuelekea ukuta wa makaburi, akatulia hivyo mpaka bibi yake alipompiga kofi mgongoni. Nimeambiwa habari hii na wazee watatu ambao hawapatani kwa lolote, na ndiyo maana nimeiandika.

Baba yake, mchonga milango, alikuwa Msunni. Mama yake, binti wa muuza vitambaa, alikuwa Mshia. Kwa ajili ya vijana wanaosoma maandishi haya, na ambao siku hizi hubishana kabla ya kujua wanabishania nini, nieleze kwa ufupi. Pande zote mbili zina Mola mmoja, Mtume mmoja, rehema na amani zimshukie, Kitabu kimoja na kibla kimoja. Njia ziliachana Mtume alipofariki. Wasunni wanasema Waislamu walishauriana wakamchagua Abu Bakari awe khalifa, na kwamba elimu ya dini ilibaki katika Kitabu, katika mwenendo wa Mtume na katika makubaliano ya wanazuoni. Washia wanasema Mtume alikwisha mtaja Ali mbele ya watu pale Ghadir, na kwamba uimamu ni uteuzi wa Mungu mwenyewe, uliokwenda katika nyumba ya Mtume, imamu baada ya imamu. Vitabu juu ya jambo hili vinajaza maktaba, nami sina cha kuongeza. Katika mji wetu jambo lenyewe lilikuwa na misikiti miwili, msikiti wa mnara kwa Wasunni na msikiti wa kuba kwa Washia, na kati yake barabara nyembamba ambayo watu waliivuka kuazimana ngazi na sufuria. Walioana pia, kwa manung'uniko ya kila upande. Kitu walichoshirikiana bila kunung'unika kilikuwa kimoja, nyumba ya kuoshea maiti, kwa kuwa kisima cha karibu na makaburi kilikuwa hicho hicho kimoja.

Siku ile ya kuzaliwa, babu wa upande wa mnara alikuja akamwadhinia mtoto katika sikio la kulia. Alipotoka tu, mjomba wa upande wa kuba akaingia akamwadhinia tena katika sikio lile lile, pamoja na shahada kwamba Ali ni walii wa Mungu, ambayo watu wake huitamka. Babu akasikia, akarudi mbio. Inasemekana mtoto aliadhiniwa mpaka bibi yake akawafukuza wote kwa kata ya maji, akisema, "Mtamziba masikio huyu! Nendeni mkaadhini misikitini kwenu." Hakuzibika. Ingekuwa heri kwake, nadhani, kama angezibika kidogo.

Tofauti ya pande mbili iliingia mpaka kaburini, na msomaji asipolijua hili hataelewa maisha ya mama huyu. Baada ya mazishi, maiti huulizwa maswali na malaika wawili, Munkari na Nakiri, na walio hai humkumbusha majibu. Kukumbusha huko ndiko talakini. Kwa Washia, mtu hushuka kaburini, humshika maiti mabegani, humtikisa taratibu, humwambia asikie na afahamu, kisha humtajia maimamu wake mmoja mmoja, ili akiulizwa imamu wako nani, asibabaike. Kwa Wasunni wa mji ule, shekhe hukaa kichwani pa kaburi baada ya udongo kufukiwa, humkumbusha aseme kwamba Allah ndiye Mola wake, Muhammad ndiye Mtume wake, na Kitabu ndicho imamu wake. Imepokewa pia, na pande zote zinalijua hili, kwamba maiti husikia mshindo wa viatu vya waliomzika wanapoondoka. Viatu vya mwisho vikisha toweka, maswali huanza.

Mwaka 1355, katika mwezi wa Safar, mama yake alifariki kwa homa, na mtoto akiwa katika mwaka wake wa tisa. Kaka za baba yake wakashika usukani. Mama akazikwa katika upande wa mnara wa makaburi, kwa talakini ya mnara, na mjomba wa upande wa kuba akazuiwa getini. Akasimama pale nje akiyataja majina ya maimamu kwa sauti kubwa, machozi yakimtiririka, akitumaini kwamba sauti yake itamfikia dada yake chini ya udongo. Walimwondoa kwa kumbeba. Mtoto aliyaona hayo yote, na kitu kikamkaa moyoni ambacho hakikutoka tena. Mama yake ataulizwa. Amefundishwa majibu ya watu wengine. Je, atajibu nini, na atakubaliwa?

Watu walipoanza kutawanyika, alivua viatu vyake, akapita nyuma ya nyumba ya kuoshea, akajibanza mahali ambapo mfereji unatokea ukutani na kaburi la mama yake liko ng'ambo tu. Akangoja viatu viishe. Mbuzi wa mchimba kaburi alikuwa akila majani pale. Viatu vya mwisho viliponyamaza, mbuzi yule aliacha kutafuna, akainua masikio kuelekea kaburini, na majani yakabaki yananing'inia mdomoni. Wanazuoni husema kwamba viumbe vyote husikia yanayopita makaburini, ila binadamu na majini. Mtoto alimtazama mbuzi, kisha akabandika sikio lake ukutani.

Bibi yake alimkuta pale karibu na magharibi, sikio likiwa jekundu na limejaa vumbi la chokaa. Akamuuliza, "Mjukuu wangu, unafanya nini hapa? Umesikia nini?" Mtoto akajibu, "Nimeambiwa nisiseme." Bibi akamuuliza aliyemwambia ni nani, na mtoto akafumba mdomo. Tangu siku ile hakumlilia mama yake tena, jambo lililowashangaza watu, na wengine likawaudhi. 

Ndivyo alivyoitwa kwenye kazi yake. Bibi yake akaanza kumchukua siku za kuosha, akamfundisha maji ya mkunazi, maji ya kafuri na maji matupu, na jinsi ya kumsitiri maiti kwa kitambaa asionekane hata na anayemwosha. Akamfundisha sanda za kila upande, maana Washia huweka pamoja na maiti vijiti viwili vibichi ndani ya sanda, na Wasunni hawaweki. Akamfundisha pia amana ya kazi ile. Mwosha huona mambo. Wapo ambao nyuso zao hung'aa, na wapo ambao nyuso zao hubadilika mpaka mwosha huzifunika haraka. Bibi yake alimruhusu kuyasema mazuri na kuyafukia mabaya, kama sheria inavyoruhusu. Mjukuu akakataa ruhusa hiyo. "Bibi, nikiwasifu wawili nikamnyamazia wa tatu," alisema, "si nitakuwa nimeshamsema huyo wa tatu?" Bibi yake akamwachia. Tangu hapo marehemu hakusema neno juu ya maiti yeyote, zuri wala baya, na bibi yake alipofariki alirithi ufunguo wa nyumba ile bila mtu kupinga.

Aliolewa na fundi saa, akafiwa naye mapema, hakujaliwa mtoto. Jina la Bi Kafuri alipewa kwa sababu harufu ya kazi yake ilitangulia mbele yake, na watu walijua anapita kabla hawajamwona. Wagonjwa hawakuipenda harufu ile ikisikika dirishani, nao ni wa kusamehewa. Alisali chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, na hakuna aliyejua kama alifunga mikono kifuani kama watu wa mnara au aliiachia ubavuni kama watu wa kuba. Wambea wa pande zote mbili walijaribu tundu la ufunguo. Alikuwa ameliziba kwa pamba ya maiti, na baada ya kujua hivyo hakuna aliyelikaribia tena.

Waliofanya kazi naye walisimulia mengi, na nimeyachagua machache yaliyothibitishwa na zaidi ya mmoja. Hakumgeuza maiti bila kumwomba ruhusa. "Mwenzangu, nakugeuza," alisema, na mwili uliokuwa mzito ukawa mwepesi mikononi mwao. Vidole vilivyokakamaa alivilegeza kwa kumwita marehemu kwa jina. Ilitokea mara moja kwamba mkono wa mama mmoja aliyekufa kwa uchungu wa kuzaa ulikamata pindo la nguo yake, na haukuachia hata alipoitwa. Bi Kafuri akainama, akamsikiliza kwa muda, akasema, "Haya, nitamtazama." Kisha akaomba mkasi, akakata pindo lile, na mama yule akazikwa nalo. Kichanga kilichobaki alikilea mpaka kikawa kijana, nacho hakikuwa cha ukoo wake wala hakikuwa na mtu. Na kila baada ya mazishi, viatu vya mwisho vikisha ondoka, alionekana peku penye mfereji ule ule, sikio likiwa ukutani na kiganja mdomoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kudai kwamba anasikia. Watu ndio waliosema, na mbuzi wa mchimba kaburi, kizazi hata kizazi, ndio waliowapa sababu.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Shaabani ya mwaka 1391. Roshani ya nyumba moja iliyokuwa mbovu iliporomoka alasiri, ikawaua majirani wawili waliokuwa wameketi chini yake wakizungumza. Mmoja alikuwa mke wa mwokaji mikate, wa msikiti wa mnara. Mwingine alikuwa mshona mapazia, wa msikiti wa kuba. Walilingana kimo na unene, na nyuso zao ziliumia kiasi kwamba Bi Kafuri alizifunika zote kwa pamba, akaagiza zisifunuliwe na mtu, hata kaburini. Nyumba ya kuoshea ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi katikati, na desturi ilikuwa kwamba chumba cha kulia ni cha watu wa mnara na cha kushoto ni cha watu wa kuba. Siku ile mfereji wa chumba cha kulia uliziba. Bi Kafuri akawaosha wote katika chumba cha kushoto, mke wa mwokaji kwanza na mshona mapazia baadaye. Jeneza la mke wa mwokaji likabaki mlango wa kushoto, na la mshona mapazia likasukumwa upande wa pili ili nafasi ipatikane. Kisha akaenda kuoga josho lake, maana hakuwahi kutoka mbele ya watu baada ya kugusa maiti bila kuoga kwanza.

Wabebaji wakaja akiwa bado bafuni. Hawakuuliza, kwa kuwa tangu utotoni mwao hawakuwahi kuhitaji kuuliza. Watu wa kuba wakachukua jeneza la mlango wa kushoto, watu wa mnara la mlango wa kulia, wakaenda zao. Bi Kafuri alipotoka, nywele zikimdondoka maji, alikuta ukumbi mtupu. Sakafuni palikuwa na michirizi miwili ya maji yaliyovuja kutoka majenezani, mmoja umekwenda mlango usio wake na mwingine vivyo hivyo. Akatoka mbio bila viatu. Alipofika ukutani talakini zote mbili zilikwisha somwa. Mke wa mwokaji, ambaye maisha yake yote hakuyajua majina ya maimamu wa kuba kwa mpangilio, alikuwa ametikiswa mabega na kutajiwa wote. Mshona mapazia, aliyeyajua tangu kitandani kwa mama yake, hakutajiwa hata mmoja.

Mchimba kaburi, aliyechimbia pande zote mbili, ndiye aliyeona yaliyofuata. Alipompokea maiti wa upande wa mnara alihisi vijiti ndani ya sanda, akadhani ni mifupa iliyovunjika, na baadaye fikra zikamjia. Akarudi kuhakikisha. Akamkuta Bi Kafuri ameketi chini penye mfereji, na mbuzi watatu wamesimama nyuma yake, hawatafuni. Viatu vya mwisho vilikuwa vimekwisha ondoka. Alikaa hivyo muda mrefu, akigeuza sikio mara upande huu wa makaburi, mara upande ule. Halafu akainua kichwa akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamjibu mtu aliye chumba cha pili, "Nimesikia, wenzangu. Haya." Mchimba kaburi akatimua mbio, na kwa bahati mbaya hakukimbilia kwake. Alikimbilia barazani.

Mji ukachafuka. Kabla ya usiku kuisha kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na la kusema. Wengine walitaka makaburi yafukuliwe. Imamu wa mnara na maulana wa kuba, ambao kwa haki walikuwa watu wema na wenye elimu, walikubaliana kwamba kaburi halifukuliwi kwa sababu kama ile. Lakini walishindwa kuzuia swali jingine. Ikiwa Bi Kafuri amesikia, basi anajua. Anajua yule aliyefundishwa majibu ya wengine alijibu nini, na kama alipokewa. Ubishi uliodumu karne nyingi, wenye vitabu vya kujaza maktaba, ungeweza kukatwa na mwanamke mmoja kwa neno moja. Watu walisema hivyo waziwazi barabarani, na macho yaliwang'aa kwa namna ambayo haikunipendeza. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, naikumbuka.

Aliitwa katika ua wa nyumba ya kuoshea. Viongozi wote wawili walikuwapo, jamaa za marehemu walikuwapo, na nje ya ukuta palijaa watu. Aliambiwa aweke ufunguo juu ya ukingo wa kisima. Akaambiwa aseme alichosikia, au ufunguo usirudi mkononi mwake, na ukuta ujengwe katikati ya nyumba kuanzia ukumbini mpaka kisimani, kila upande uoshe watu wake. Fundi mwashi alikuwa amekwisha kuitwa. Kwa Bi Kafuri nyumba ile ilikuwa pahali alipozaliwa na kazi aliyopewa na bibi yake, na ndiyo pahali pekee katika mji ambapo baba yake na mama yake wangeweza kulazwa chini ya paa moja.

Mwokaji mikate ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa hana ubishi wowote ndani yake. Alipiga magoti. "Bi Kafuri, mimi sitaki kujua nani ana haki," alisema. "Mke wangu alikuwa mwepesi wa kuchanganyikiwa. Ukimwuliza mambo mawili kwa pamoja analia. Niambie tu hakuogopa. Niambie hilo, mama, nikalale." Watu wengi walilia. Bi Kafuri naye alilia, na waliokuwa karibu waliona midomo yake ikifunguka. Kama angesema, angesema wakati ule, na kwa huruma. Kisha akaifumba, akajifuta uso kwa ukaya.

"Shekhe," alimwambia imamu wa mnara, "na wewe maulana. Ufunguo huo hapo. Mkitaka niseme ya hawa wawili, nitasema. Lakini nikianza siwezi kuishia kwao, maana nikiwasema hawa na kuwanyamazia wengine, wale wengine nimeshawasema. Nitaanza nyuma kabisa. Hata mama zenu niliwaosha mimi."

Nje ya ukuta kelele zilikatika. Haijulikani imamu wa mnara aliwaza nini, ila alishika ukingo wa kisima kwa mikono miwili. Maulana wa kuba alifumba macho. Kila mtu uani pale alikuwa na mama, au dada, au mke, au binti aliyepita juu ya kitanda kile, na kila mmoja alimwona wake. Wanawake walianza kuondoka kimya kimya. Maulana ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba mwenye kumwosha maiti akamsitiri, Mungu humsitiri, na kwamba hadithi hii ipo katika vitabu vya pande zote mbili, na kwamba angeikumbuka mapema kama si ghasia. Imamu akauchukua ufunguo akamrudishia kwa mkono wake. Mwashi akakusanya vifaa vyake. Mwokaji peke yake alibaki amepiga magoti, na Bi Kafuri akaketi chini karibu naye mpaka jua lilipozama, bila kumwambia kitu. Huo ndio ulikuwa ukatili pekee wa maisha yake, na aliubeba. Kwa miaka yote iliyofuata alipeleka maji kwenye tanuri la mwokaji yule kila asubuhi kabla hajaamka, na mwokaji alijua ni nani kwa harufu.

Miaka kadhaa baadaye imamu wa mnara, akiwa mzee, alimjia peke yake. Walikuwa marafiki. "Bi Kafuri, siulizi kama imamu," alisema. "Naulizia mama yangu. Alipumzika?" Msaidizi wa Bi Kafuri aliyekuwa akianua vitambaa alisikia jibu. "Shekhe wangu," alisema marehemu, "hata mama yangu mimi sijapata kumsema." Imamu akaketi, wakanywa maji ya kisima, akaondoka. Hakuuliza tena, wala hakukasirika.

Uzee ulipomshika, swali la mwanzo kabisa, lile la baada ya kufariki Mtume, likaja kumtembelea nyumbani kwake. Nani atashika ufunguo baada yake? Walikuwapo wawili. Mmoja alikuwa mpwa wake, wa upande wa mnara, aliyekuwa akimsaidia tangu usichana. Mwingine alikuwa mwanafunzi wake, mke wa fundi viatu, wa upande wa kuba. Sasa tazama binadamu alivyo. Wazee wa mnara, ambao msingi wao ni ushauri na makubaliano, walijua marehemu anampenda mpwa wake, basi wakaanza kusema kwamba mwenye kazi ndiye anayemjua wa kumrithi, na amteue mwenyewe hadharani. Wazee wa kuba, ambao msingi wao ni uteuzi, waliogopa uteuzi huo, wakasimama kutetea kwamba wanawake wa mji washauriane na kuchagua. Walibishana hivyo mwezi mzima kwa hoja za wenzao, na hakuna aliyecheka ila Bi Kafuri. Kamati za misikiti yote miwili zimeyasoma maandishi haya kabla ya kuchapwa, na kila moja imeniomba niondoe sehemu moja. Kwa bahati zote zimeomba sehemu hii hii, basi nimeiacha.

Walipomfuata kitandani awape neno, alisema, "Siku hiyo mtawakuta." Hawakuelewa. Alifariki asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Shaabani mwaka 1432, akiwa ameelekea kibla, mikono yake ikiwa chini ya shuka. Mpwa na mwanafunzi, kila mmoja nyumbani kwake, waliamka kwa harufu ya kafuri na kila mmoja akadhani mwalimu amepita dirishani. Walikutana mlangoni pa nyumba ya kuoshea. Mlango, ambao ufunguo wake ulikuwa chini ya mto wa marehemu, ulikuwa wazi. Ndani, mitungi mitatu ilikuwa imejaa, mmoja na mkunazi, mmoja na kafuri, mmoja maji matupu, na maji yake yalikuwa ya vuguvugu. Kata zilikuwa mbili, kila moja upande wake wa kitanda, na ukumbini jeneza lilikuwa limetandikwa katikati kabisa, mbali na milango yote miwili. Watu wa misikiti yote miwili waliingia wakayaona hayo. Wazee hawakubishana tena. Wale wawili wakaingia, wakafunga mlango, wakamwosha pamoja, na wameshika ufunguo ule pamoja mpaka leo.

Alizikwa penye mpaka wa pande mbili, karibu na ukuta, na ukafika wakati wa talakini. Imamu kijana wa mnara alimtazama maulana kijana wa kuba, na maulana akamtazama imamu. Kila mmoja alimkaribisha mwenziwe aanze. Mwisho hakusoma yeyote. Wapo waliolaumu, na sheria inawaruhusu kulaumu. Lakini mimi nilikuwapo, na naamini hakuna aliyethubutu kumfundisha yule mama majibu, yeye aliyeyasikia ya watu wote. Tukavaa viatu, tukaondoka. Nilipogeuka getini niliwaona wale wawili peku ukutani, mmoja amebandika sikio la kulia na mwingine la kushoto, wakitazamana, na mbuzi wamesimama.

Tangu hapo nyumba ile haijajengwa ukuta, katika nyakati ambapo miji mingine imejenga kuta za mambo madogo zaidi. Wanaoheshimu kumbukumbu yake hawajengi kuba wala hawawashi taa juu ya kaburi lake, kwa kuwa alikataza. Humwiga kwa lile alilolifanya vizuri kuliko sisi sote, nalo ni kuujua uchi wa jirani na kuufunika, hata pale ambapo kuufunua kungemshindisha mtu katika ubishi wake. Ni jambo gumu. Mimi mwenyewe, nikiwa karibu kumaliza maandishi haya, nililishindwa.

Niliona kitabu hakitakamilika bila neno la mwisho. Nikaenda kwa wale wawili mchana mmoja, nikavua viatu mlangoni pa chumba, nikawakuta wakikunja sanda. Nikawaambia kwamba kwa ajili ya waumini, na kwa ajili ya historia, naomba waniambie walichosikia siku ile ukutani. Bi Kafuri alijibu nini? Aliulizwa imamu wake, akamtaja nani? Hawakuacha kukunja. Mpwa alimtazama mwenziwe, kisha akanitazama mimi kwa upole mkubwa.

"Mwandishi," alisema, "mama yako tulimwosha sisi."

Sikuuliza tena. Nilirudi mlangoni, nikavaa viatu vyangu, nikaanza kuondoka katika ukumbi ule mrefu. Nyuma yangu vitambaa vilikuwa vimeacha kusikika. Niligeuka kidogo nikawaona wamesimama wima, vichwa vimeinama upande, wote wawili wametulia, wakisikiliza viatu vyangu vinavyokwenda.